Mbao za Bondeni

Bondeni, 3 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Goti la Mama linaendeleaje? Na masikio yako je? Wiki iliyopita nilikupigia simu mara tatu, na mara zote ukaniuliza "Nani? Nani?" kisha ukamkabidhi Mama, na Mama akanimwagia habari za majirani wote mpaka simu ikazima. Nimeona nirudi kwenye karatasi, ambayo haitaki kupigiwa kelele.

Mimi ni mzima, nashukuru. Nakula, nalala, jua limenichoma pua.

Sasa Baba, kama umesimama, kaa kitini. Nipo Bondeni. Bondeni kwenu, kule ulikojenga kijiji cha tamthilia. Kampuni imenileta huku kusimamia kazi ya mwezi mmoja hivi. Barabara imemezwa na nyasi, nikadhani tumepotea, mara tukapinda kona nikaiona nyumba. Ile ile! Paa la vigae vya mbao, dohani ya mawe, baraza yenye ngazi tatu. Nilisimama mdomo wazi kama mtu aliyeingia harusi ya wenyewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukijazana kwa jirani kila Jumapili jioni? Watoto kumi na tano mbele ya runinga moja, Mama wa Runinga anatoka barazani kuita wanawe, na sisi wote tunanyamaza kama tunaitwa sisi. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu, "Hiyo nyumba kajenga baba yangu." Wakanicheka.

Basi leo nikazunguka nyuma nilione jiko lake. Hakuna nyuma! Kuta tatu, halafu shamba. Nikaenda kisimani, kina chake kinaishia magotini. Nilicheka peke yangu mpaka dereva wa kreni, ambaye wenzake wanamwita Taratibu, akaniuliza kama jua limenipanda kichwani. (Huyo Taratibu hana utaratibu hata chembe, lakini ni mtu mzuri.)

Niambie, Baba, mlifanyaje? Hukuwahi kutueleza. Ulikuwa unarudi mwisho wa mwezi, unaoga, unalala.

Msalimie sana Mama.

Mwanao


Nyumbani, 14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Huku sote wazima. Goti la mama yako limetulia, mdomo wake haujawahi kuugua. Masikio yangu yamekwisha, na yaishe tu, kwa miaka arobaini ya msumeno yamesikia ya kutosha.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mama yako anasema saba.

Umecheka kwamba nyumba haina nyuma. Sawa, cheka. Lakini umejiuliza kwa nini inatazama pale inapotazama? Nyumba ya kawaida unaielekeza barabarani. Ile niliitupa upande, kwa sababu mpiga picha alitaka jua la asubuhi limpige Mama wa Runinga shavuni anapofungua dirisha. Nilikaa kwenye kile kilima siku sita na vijiti na kamba, nafuata kivuli, kabla sijachimba shimo la nguzo hata moja. Mwongozaji akadhani nimejiajiri kulala. Siku ya kwanza walipowasha kamera, jua likaingia kama lilivyoambiwa. Mwongozaji alikuja akanipa chai yake.

Ile shule ya kwenye tamthilia, zunguka upande wa pili. Ni nyumba ya daktari. Jengo moja, nyuso mbili. Kipindi kile mtoto wa mwisho alipougua darasani, walimbeba mlango huu wakasimamisha kamera, wakavuta pumzi, wakazunguka, wakaingia naye mlango ule. Hatua ishirini. Watu majumbani wakalia jinsi safari ilivyokuwa ndefu.

Mwaka wa pili mvua ziligoma na hadithi inasema ni masika. Tukapulizia nyasi rangi ya kijani, ekari nzima, rangi ya maji. Ng'ombe mmoja wa mwenye shamba akajipenyeza, akatoka na pua ya kijani. Yumo kwenye kipindi, ukitazama vizuri. Na moshi wa dohani ulikuwa nyasi mbichi kwenye debe, na mtu amechuchumaa nyuma ya ukuta anapepea. Mtu huyo ni mimi.

Lakini watu waliamini, mwanangu. Alikuja mwanamke mmoja kutoka mbali na binti yake ambaye alikuwa haongei naye, akaomba Mama wa Runinga awapatanishe. Mwigizaji yule angeweza kusema, "Dada, mimi naigiza tu." Alivua viatu, akakaa nao kwenye zile ngazi tatu saa nzima. Niliwaona wakiondoka wameshikana mikono. Niliweka kazi chini nikawatazama mpaka kona. Ngazi zile zilikuwa za kweli, hilo nalo niseme.

Angalia mchwa kwenye nguzo za duka, upande wa mto. Duka nililijenga haraka mwanzoni kabisa, silitetei. Nyumba haina neno.

Ila kuna jambo silielewi. Mmeleta kreni ya nini? Bondeni hakuna kitu kizito. Wanairudisha tamthilia? Kama wanataka mzee wa kuwashauri, viatu vyangu viko mlangoni.

Baba yako


Bondeni, 25 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi mzima, ila moyo mzito.

Swali lako la kreni nimelizunguka siku tano. Sina njia nyingine ya kulisema. Baba, haturudishi tamthilia. Tunabomoa. Mwenye shamba alifariki, wanawe wanataka bonde lao wapande miti. Kampuni yangu imepewa kazi ya kusafisha, na msimamizi wa kazi ni mimi. Wiki nne, bonde liwe tupu. Nilijua hivyo nilipokuandikia barua ya kwanza. Nilijiambia nitakueleza ya pili, halafu ukaniandikia habari za ng'ombe.

Na kwa kuwa nimeanza kusema kweli, wacha niimalize, maana nikilala nayo kesho sitaiandika.

Mwanzoni nilipoambiwa ni Bondeni, nilifurahi. Si furaha ya kuja kuona. Furaha ya kuja kuangusha. Miaka tisa, Baba, nyumba ile ilikuwa na baraza na vioo vya madirisha, na sisi mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa gunia. Uliwajengea watu wasiokuwepo. Nilipopata zawadi ya kwanza darasa la tano, mwalimu aliita wazazi wa kila mtoto wapande jukwaani. Nilipanda na Mama tu. Ulisema utakuja. Ulikuja baada ya siku nne, mkono umefungwa, ukasema ulianguka na baiskeli, na mimi nikawaza kwamba hata baiskeli uliijali kuliko ulivyonijali mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nisamehe. Lakini niliwaza hivyo, na nikaendelea kuwaza hivyo mpaka nikawa mtu mzima.

Sasa nipo hapa, na sijui nifurahi au nilie. Ile nyumba ni nzuri, Baba. Hilo ndilo linaloniumiza.

Tunaanza Jumatatu, na duka.

Mwanao


Bondeni, 20 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Mama ameniambia kwenye simu kwamba barua ilifika, uliisoma, ukaikunja, ukaenda kunoa patasi ambazo hujazigusa miaka miwili. Sikulaumu.

Nakuandikia tu nikujulishe. Duka lilishuka siku ya kwanza. Taratibu alilifunga mnyororo akavuta, likalala lote kwa pamoja, vumbi mpaka mtoni. Mchwa walikuwepo, kama ulivyosema. Siku ya pili tukafunga mnyororo kwenye nyumba. Akavuta. Kreni ikalia, ikainua magurudumu ya nyuma, nyumba imetulia. Akavuta tena. Taratibu akashuka, akavua kofia, akaniuliza, "Dada, hii kitu imejengwa na nani? Na alikuwa anagombana na nani?"

Nilipanda ngazi nikaenda kutazama. Ndani ya ukuta, mahali ambapo kamera haikufika kamwe, kila boriti imechongwa ulimi, ulimi umeingia kwenye tundu la nguzo, na kigingi cha mti mgumu kimepita katikati. Sikuona msumari. Kwenye nyumba ya mchezo, Baba! Nimesimamia majengo ya ghorofa yenye viungo vya hovyo kuliko hivyo.

Nimemwambia Taratibu afungue mnyororo. Bosi amepiga simu akifoka kwamba siku zinakwenda. Nimemwambia kreni ina hitilafu. Haina hitilafu. Sijui nitamdanganya mpaka lini.

Mwanao


Nyumbani, 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima hapa. Wewe je? Unakula?

Barua yako ya mwezi uliopita ilinikaa kooni. Si kwa ajili ya kubomoa. Kitu kilichojengwa kwa ajili ya kamera, kamera ikiondoka, kimekwisha kazi yake. Kilichonikaa ni lile gunia. Nilitafuta maneno ya kujitetea, nikachana karatasi tatu. Sina. Nilikuwa nawaza nikimaliza Bondeni nitaanza kwetu, na Bondeni haikwisha. Mlango niliutengeneza wewe ukiwa umeshaolewa. Ulikuwa na haki ya kukasirika na bado unayo. Basi.

Habari ya mkono nitakuambia siku nyingine.

Sasa kazi. Ukiivuta ile nyumba kwa mnyororo utaua mtu. Haitaanguka, itapasuka, na boriti ya pembeni itaruka. Ishushe kama ilivyopanda, kinyume. Anza na vigae, kutoka kileleni, safu kwa safu. Kisha kenchi za paa, kuanzia ya katikati, ukiwa umezitegemeza pande zote mbili. Usitoe boriti kuu kabla kuta za pembeni hazijaegemezwa. Vigingi vyote vinatoka upande mmoja, ule unaotazama kilima. Nilivichonga vyembamba kidogo upande wa pili, kwa hiyo ukivigonga kutoka mtoni vitateleza vyenyewe. Tumia nyundo ya mbao. Ukitumia ya chuma nitajua.

Andika namba kwenye kila ubao kwa chaki, na mshale wa kuonyesha juu. Utaniuliza wa nini kama unatupwa. Wewe andika tu.

Kitu kikibomolewa na mtu aliyeelewa kilivyosimama, roho yangu inatulia. Nashukuru ni wewe.

Baba yako


Bondeni, 21 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo sana. Mimi ni mzima na nakula kama mchimba mtaro. Mikono yangu imeota sugu, nikikuonyesha utacheka.

Nimefuata kila neno. Vigingi vinateleza! Nilipogonga cha kwanza kutoka upande wa mto, kikatoka kama mtu ameitwa jina. Vijana wa kreni walipiga makofi. Sasa kila mtu anataka kugonga kigingi, imebidi niweke zamu. Taratibu ameacha kreni kabisa, amekuwa mtu wa chaki. Ana mwandiko mzuri kuliko sisi wote, nani angejua.

Bosi nimemwambia ukweli. Nikamweleza kwamba tutashusha kwa mikono, itachukua wiki nyingi zaidi, na kama haridhiki anitoe. Amesema nikimaliza hapa tutaongea. Kwa sauti yake najua maongezi yenyewe. Bado sijajuta.

Baba, wiki iliyopita alikuja mgeni. Gari dogo likasimama barabarani, akateremka mama mtu mzima na fimbo, miwani mikubwa, kilemba. Akatembea taratibu mpaka kwenye zile ngazi tatu, akakaa. Sikumjua mpaka aliposema, "Habari za kazi, wanangu?" Sauti ile! Nyundo zote zilinyamaza. Taratibu, jitu zima lenye ndevu, akafuta mikono kwenye suruali na kusema shikamoo mara mbili.

Nikamwambia mimi ni binti wa fundi. Akanishika uso kwa mikono miwili, akanitazama mpaka nikaona aibu.

"Bega lake linamsumbua bado?" akaniuliza.

Nikasema bega gani, labda ile ajali ya baiskeli.

"Baiskeli?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Hakuwaambia."

Akanisimulia kwamba mwaka wa tatu, wakiwa ndani wanacheza mlo wa familia, upepo ulishuka kutoka kilimani, boriti ya mbele ikachomoka. Watoto saba walikuwa mezani. Wewe ulikuwa nyuma na debe lako la moshi. Uliingia ukaweka bega chini ya boriti, ukasimama, na yeye akawatoa watoto mmoja mmoja chini ya kwapa lako. "Alikuwa anahesabu kwa sauti," akasema. "Mmoja. Wawili. Alipofika saba akaniangalia, akasema, na wewe, dada." Alisikia bega likivunjika, Baba. Anasema mpaka leo akisikia kijiti kinavunjika huwa anageuka.

Nikamuuliza ilikuwa lini. Alikumbuka mwezi, na siku yenyewe. Ilikuwa siku yangu ya zawadi. Ulikuwa umeshavaa shati jeupe la kusafiria, anasema. Ulikuwa unangoja tu tukio hilo liishe uondoke.

Kwa nini hukusema? Miaka ishirini na saba, Baba, nimekubebea kinyongo, na wewe umeniacha nikibebe.

Alikaa nasi mpaka mchana, akatazama baraza ikishuka, akaondoka bila kulia. Kabla ya kupanda gari alisema, "Mwambie nyumba yake ilinifanya niigize vizuri kuliko nilivyojua. Ukikaa kwenye kiti kisichotikisika, na wewe hutikisiki."

Nijibu, Baba.

Mwanao


Nyumbani, 2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, na kwa sasa hasemi na mimi. Alikuwa ananisomea barua yako kwa sauti kubwa nikiwa nakula, kwa ajili ya masikio yangu. Alipofika kwenye boriti akasimama. Yeye pia nilimwambia baiskeli.

Mama yule mwigizaji ni mtu mwema sana, lakini ameacha sehemu moja, kwa sababu haijui. Wewe ni mtu wa majengo, nitakuambia ilivyo.

Boriti ile niliiweka mimi, kwa misumari minne. Walikuwa wanataka kuanza kupiga picha, mwongozaji anasimama nyuma yangu anatazama saa, nikasema moyoni, nyumba yenyewe ya mchezo, nani atalala humu? Nikapiga misumari nikaendelea. Kwa hiyo usiniletee habari za ushujaa. Watoto saba walikaa chini ya uvivu wangu. Nilipoweka bega pale nilikuwa nalipia kazi yangu mwenyewe. Ningewaambiaje nyumbani? Ningekuambiaje wewe, na cheti chako mkononi, kwamba sikuja kwa sababu nilijenga vibaya? Baiskeli ilikuwa rahisi. Nikaisema mara moja, na kadiri miaka ilivyokwenda ikawa ngumu kuirudisha.

Bega lilipopona niliomba nijenge upya, majengo yote isipokuwa duka, ambalo hakuna aliyekuwa akiingia ndani. Wakaniona kichaa. Mwongozaji akasema, "Fundi, kamera haioni ndani ya ukuta." Nikamwambia mtoto akirukaruka sakafuni, ukuta unajua. Akaniachia. Miaka sita iliyofuata nilichonga kila kiungo unachokigonga sasa. Ndiyo maana nilikuwa sirudi. Nilikuwa naogopa kuiacha.

Hivyo ndivyo ilivyo. Unikasirikie kwa lililo la kweli, hilo nitalibeba. Na ile zawadi ya darasa la tano, nilikiona cheti. Kilikuwa cha hesabu. Ulikificha kabatini, nikakitoa nikakisoma, nikakirudisha.

Baba yako


Bondeni, 11 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Mwambie Mama akusemeshe, ni amri yangu.

Nimeisoma barua yako nimekaa juu ya rundo la mbao zako. Nilitaka kukushika mkono, na karatasi haina mkono. Kwa hiyo nasema la kazi, kama ulivyonifundisha.

Nyumba imeshuka yote. Shule na nyumba ya daktari pia. Mbao mia nne na kitu, zimepangwa, zina namba na mishale. Wenye shamba walisema tuzichome moto. Juzi akaja mwalimu mkuu wa shule iliyo ng'ambo ya kilima, amevaa viatu vyenye tope mpaka vifundoni. Madarasa yao mawili yaliezuliwa na mvua za mwaka jana, watoto wanasomea chini ya turubai. Akasimama mbele ya mbao, hakuniomba, akaniuliza tu, "Hizi zinakwenda wapi?" Nikampigia simu binti mkubwa wa marehemu mwenye shamba. Akasema alikuwa akitazama tamthilia ile na baba yake kila Jumapili. Zichukueni, akasema.

Mbao ninazo. Wasaidizi ninao, Taratibu amekataa kuondoka. Lakini nyumba ile ilisimama kwa kutegemea nguzo za nyuma zisizoonekana, na mimi sijui jinsi ya kuifungia ukuta wa nne. Hakuna mchoro. Mchoro ni wewe.

Njoo, Baba. Nimeomba chumba kwa mwalimu mkuu. Usinijibu kwa barua.

Mwanao


Shuleni, 27 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Unaendeleaje na kazi mpya huko? Wakubwa wapya wanakuelewa? Yule wa zamani amepoteza mtu, shauri yake. Mimi mzima. Bega huniuma hali ya hewa ikibadilika, na hapa inabadilika mara tatu kwa siku. Mama yako alifika Alhamisi, ameshawajua watu wengi kuliko mimi niliyekaa miezi mitatu.

Tangu uondoke tulimaliza vigae na milango. Madirisha nimeyahamisha. Safari hii sikumfuata mpiga picha, nilimuuliza mwalimu watoto wanaandikia upande gani, nikaleta mwanga begani kwao. Ukuta wa nne umekaa vizuri. Ile njia yako ya kuufunga kwenye msingi ilikuwa bora kuliko yangu. Sikukuambia wakati ule kwa sababu tulikuwa tunabishana na nilikuwa bado nataka kushinda.

Jana ilikuwa ufunguzi. Wazazi walijaa, wengine wakasimama nje madirishani. Yule mama mwigizaji alikuja na fimbo yake akakaa mstari wa mbele, watu hawakujua wamtazame yeye au jengo. Ukapigwa wimbo, mwalimu mkuu akaongea, mara nikamwona ananyoosha mkono upande wangu. Sikusikia alichosema. Mama yako akanisukuma kiunoni. Kumbe natakiwa kuhutubia.

Unajua mimi si mtu wa maneno. Nilisimama pale, kofia mkononi naizungusha kama usukani. Niliwataja waliofanya kazi, kila mmoja na alichofanya. Taratibu nikamtaja kwa chaki. Nikadhani nimemaliza, nikageuka kukaa. Kisha nikarudi.

Nikawaambia hivi, naandika kama nilivyosema: "Mbao hizi zilikaa kwenye majengo ya Bondeni miaka thelathini. Mtu aliyezishusha alipewa kreni na wiki nne. Angeweza kuzivunja, hakuna ambaye angemuuliza. Alizishusha moja moja kwa mkono, mia nne na kumi na mbili, na hakupasua hata moja. Nimekuwa fundi maisha yangu yote, nimeona mafundi wengi. Kazi kama hiyo sijaiona. Mtu huyo ni binti yangu. Leo hayupo, yuko kazini. Nilitaka mlijue hilo mnapokaa humu."

Halafu nikakaa.

Mama yako alikuwa analia, anasema ni vumbi. Walipiga makofi muda mrefu. Hata mimi niliyasikia.

Nimeona nikuandikie leo leo, kabla hujaongezewa chumvi kwenye simu. Leo asubuhi wameanza masomo. Nilipita nje ya dirisha, darasa la tano walikuwa kwenye hesabu.

Baba yako